Babu Kibuyu na Mizigo ya Kasigau

Orodha yenu nimeipata. Mwenyekiti wenu aliniletea hapa Mtopanga Jumapili baada ya ibada, karatasi nne zimebanwa kwa pini, akasema, "Shikamoo babu. Vijana wanaomba uipitie, maana hapa kanisani ni wewe tu uliyeifanya kazi hii." Basi nimeipitia mara tatu. Mara ya kwanza nilivaa miwani ya bibi yenu Dama kwa makosa, nikadhani mmeandika kwa Kiarabu. Mara ya pili nilicheka. Mara ya tatu nilifika ukurasa wa pili, mstari wa sita, kicheko kikanikauka.

Mnataka kutembea kwa miguu kutoka Kinango mpaka mlima Kasigau, siku nane, mkilala porini. Sababu mnaijua wenyewe. Sisi tulikwenda kwa kuwa tuliajiriwa. Mmeandika kofia, biskuti, dawa ya mbu, mabuti mapya na gitaa. Gitaa! Haya bwana. Halafu mstari wa sita, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Maji: kila mtu na yake."

Mnaniita Babu Kibuyu. Mmeniita hivyo tangu mkiwa wa kubebwa, na najua mnadhani ni kwa ajili ya tumbo hili. Sijawahi kuwasahihisha, kwa sababu ukweli ni mbaya kuliko tumbo. Jana Dama aliniona na kalamu mkononi akaniuliza, "Unawaandikia yote, ama unawaandikia yale mazuri?" Nikamwambia yote. Akasema, "Tutaona," akaenda zake kuchambua mchele.

Kazi yangu ilikuwa kufunga mizigo. Miaka ile ya arobaini, vita vikuu vimekwisha, palikuwa na ghala Changamwe karibu na reli, la ofisi iliyokuwa ikipeleka watu porini kutafuta mahali pa kuchimba malambo. Magari yalikuwa machache na barabara hakuna, kwa hiyo walikwenda kwa miguu pamoja na wapagazi, kila mpagazi na ratili hamsini kichwani, zisizidi. Mimi nilikaa ghalani. Nilipaswa kufikiri kabla yao: siku ya sita watakula nini, kamba ya hema ikikatika watafungia nini, mvua ikinyesha kiberiti kitakuwa wapi. Kazi nzuri sana kwa mtu asiyependa kutembea.

Na mimi sikupenda kutembea hata kidogo. Siku niliyoomba kazi, bwana mpimaji, Mzungu mmoja mrefu mwenye goti bovu, aliniuliza kama nimewahi kwenda safari ndefu ya miguu. Nikamjibu, "Nimefika Voi, bwana." Ni kweli nilifika Voi. Nilifika kwa gari la moshi, nimelala fofofo. Nilikuwa nakwenda Mariakani kwa shangazi yangu, nikapitiliza. Yeye akaandika kitabuni kwamba nimetembea mpaka Voi, nami nikaona si adabu kumkatiza mtu anapoandika.

Aliyenitilia shaka ni nyapara wa wapagazi, jina lake Mwero, Mduruma wa Kinango, mtu mfupi, mkavu, asiyecheka ovyo. Hakunitazama uso. Alinitazama miguu.

"Voi," akasema.

"Naam, nyapara."

"Kwa miguu hii."

"Kwa miguu hii hii."

"Lo," akasema. "Basi uliitunza."

Kuanzia siku hiyo akaniita Karani, kwa sababu nilijua kuandika, na kwa sababu hakutaka kuniita jina lenye heshima zaidi.

Sasa nisikilizeni, maana kosa langu la kwanza nimeliona na kwenye orodha yenu. Mmepanga vitu vizuri kwa herufi, A mpaka Z. Mimi nami nilisoma misheni, nikajiona mwerevu kuliko ghala zima. Safari ya kwanza niliyoifunga ilikuwa ya milima ya Shimba, siku tisa, nami nikaipanga mizigo kwa herufi. Mzigo wa S ulikuwa na sabuni, samli, sufuria na sukari. Niliufunga kwa mikono yangu, nikaandika S kubwa kwa rangi, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama.

Siku ya kumi Mwero akaingia ghalani. "Shikamoo, nyapara," nikasema. Hakuitikia. Alitoa kikombe cha bati, akatia maji ya moto na kijiko cha sukari kutoka kwenye ule mfuko wangu, akakoroga. Povu likapanda mpaka ukingoni.

"Kunywa," akasema.

"Nyapara, mimi..."

"Kunywa, Karani. Sisi tumekunywa siku tisa. Watu kumi na saba, tumbo la kila mmoja limefuliwa."

Nikanywa. Wallahi, mpaka leo nikioga huwa nakumbuka chai. Nilipomaliza akachukua kikombe chake, akasema mbele ya bwana mpimaji, "Safari ijayo naye aende. Aliyefunga ale alichofunga." Bwana mpimaji akafurahi sana. Akasema hilo ni wazo jema, tena si tabu, maana Karani ni mtembezi, ameshafika Voi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa kutoka Kinango mpaka Kasigau.

Tulikuwa na wiki tatu za kujitayarisha, na katika wiki hizo Mwero alinifundisha yote ninayoyajua. Alifundisha kwa njia moja tu. Kila mzigo nilioufunga alinitwika mimi mwenyewe, nikauzungusha ghala mara tatu. Mzigo mbaya unajisema. Raundi ya kwanza husikii kitu, raundi ya pili shingo inaanza kuuliza, raundi ya tatu unamjua mfungaji na ukoo wake. Ninyi mtabeba shanta mgongoni, lakini mambo ni yale yale: kizito kikae karibu na mwili, kilaini kikae mahali panapogusa mfupa, cha kuhitajika kwanza kiwe juu. Mmeandika hema liwe chini kabisa. Jioni mvua ikiwakuta mtamwaga vitu vyote matopeni mkilitafuta.

Chumvi aliniambia niigawe mizigo mitatu. "Mmoja akianguka mtoni na chumvi yote, mtakula machozi yenu." Kiberiti kikae ndani ya kopo lenye kifuniko, nalo lizibwe kwa nta. Ngata ya kichwani isiwe ya majani, iwe ya kanga kuukuu, maana majani yanakauka na kuchoma utosi. Na fundo! Mimi nilipenda mafundo makubwa, ya kupitisha kamba mara nne. Mwero alilitazama moja, akaniambia, "Karani, usifunge fundo usiloweza kulifungua mikono ikitetemeka."

"Kwa nini mikono itetemeke?" nikauliza.

"Porini haikosi sababu," akasema.

Nikaitikia, na alipogeuka nikaendelea na mafundo yangu.

Lakini ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya maji. Kutoka Kinango kwenda Kasigau ni nyika kavu. Maji unayapata kwenye ngurunga, yale mashimo ya juu ya miamba yanayoshika mvua, na ngurunga haina ahadi na mtu. Lazima ubebe. Mwero alitaka vibuyu kumi na viwili, vinavyofukizwa ndani ubani, maji yakakaa wiki bila kuharibika. Mimi nilitaka madebe. Vibuyu ni vya mviringo, havipangiki, kila kimoja na shingo yake. Debe lina pembe nne, linakaa juu ya jingine kama tofali. Nikamwambia bwana mpimaji kwamba kibuyu ni mambo ya kale, dunia sasa ni ya bati. Neno "dunia sasa" lilimpendeza. Tukachukua madebe sita ya mafuta ya taa, nikayasuuza, nikampelekea fundi bati ayalehemu mdomo, akaacha tundu dogo la kizibo. Nikasema nimeyasuuza. Nilipaswa kuyasugua kwa jivu na mchanga siku mbili. Niliyasuuza mara mbili na nikaenda kula.

Mwero hakubishana. Alinipa kata tu, ile ya kifuu cha nazi yenye mpini. "Maji umeyachagua wewe, basi utayagawa wewe. Kata moja asubuhi, moja adhuhuri, moja jioni, kila mtu sawa na bwana. Na kwetu, mwenye kata hunywa mwisho."

Nikasema haya.

Asubuhi ya kuondoka Dama akanitolea kibuyu. Tulikuwa na miezi minne tu ya ndoa. Alikisugua kwa mchanga, akakifukiza ubani mara tatu, akakijaza maji ya kisima cha kwao. Nikamwambia, "Dama, utaniaibisha. Nimewaambia watu kibuyu ni mambo ya kale." Akanijibu, "Basi kifiche." Kwa hiyo ukitafuta chanzo cha dhambi hii utakuta mimi peke yangu, maana yeye alikuwa anatania. Mimi nikakikunja ndani ya blanketi, blanketi nikalitia guniani, gunia nikalifunga fundo la kamba mara nne.

Nilivaa mabuti ya jeshi yaliyobaki vitani, mapya, yanang'aa. Nilidhani mtu aliyefika Voi anafaa kuonekana hivyo. Wapagazi nao waligawiwa, wakayafunga kamba wakayaning'iniza shingoni, wakatembea na akala zao za mpira wa gari. Nikawacheka. Siku ya pili jioni malengelenge yangu yalikuwa makubwa kuliko vidole, nikawa natembea kama kuku aliyekanyaga makaa. Mwero akafungua furushi lake, akanitupia akala. Zilinikaa sawasawa. Alikuwa amezibeba tangu Changamwe, kipimo cha mguu wangu, bila kusema neno. Enyi wa mabuti mapya, mmesikia?

Siku ya tatu asubuhi nikafungua debe la tatu, nikalikuta tupu. Bati lililegea kwa kutikisika, maji yakamdondokea mpagazi mgongoni siku mbili, naye akidhani ni jasho. La nne vilevile. La tano lilijaa tele, lakini yalikuwa mafuta ya taa yenye maji kidogo, aliyeonja alitapika. La sita lilinyweka kwa kuziba pua. Tulikuwa watu kumi na saba, na nyika bado haijafika nusu.

Mwero hakunigombeza. Alisema tu, "Tutapata ngurunga kesho." Kesho tukaipata, imekauka, ndani yake mna mifupa ya digidigi. Hapo akaamuru nusu kata.

Sasa niwaambie habari ya kibuyu changu. Kila asubuhi na kila jioni nilikuwa nakwenda haja mbali kidogo, na gunia langu begani. Wakaniuliza kwa nini naenda haja na blanketi katika joto lile. Nikasema nina baridi ya tumbo. Nilichuchumaa nyuma ya kichaka, nikapiga mafunda matatu ya maji matamu ya kisima cha kina Dama, yanayonukia ubani, nikajifuta mdomo, nikarudi nikiwa nimeshika tumbo. Fundo langu nililifungua vizuri siku hizo. Mikono haikutetemeka.

Ubaya si huo tu. Siku ya tano mpagazi mmoja, Chirima, alishikwa na homa. Nilipomaliza kugawa, nusu kata yangu ya mwisho ikiwa mkononi, nikamtazama Chirima, nikampa. Kwa nini nisimpe? Mimi nilikuwa nimeshakunywa. Mmoja akasema, "Kumbe Karani ana moyo!" Chirima akanishika mkono kwa mikono yake miwili ya moto, akasema, "Mungu akulipe, ndugu yangu." Nami nikainamisha kichwa kama mtakatifu. Jamani! Nilipenda zile sifa. Jioni nikamwachia tena, nikasifiwa tena, nikaenda haja na blanketi langu.

Mwero naye alimpa Chirima maji yake, asubuhi na jioni. Ila yeye hakuwa na kichaka cha kwenda.

Siku ya sita debe likaisha asubuhi. Kabla jua halijafika utosini Mwero, aliyekuwa mbele, akasimama, akauweka mzigo wake chini polepole, taratibu, kama mtu asiyetaka kuvunja kitu, kisha akaanguka ubavu. Tukamkimbilia. Midomo imepasuka, ulimi umemjaa kinywani, macho yamefunguka lakini hayatazami mtu. Bwana mpimaji akafungua ramani, akasema mguu wa Kasigau ni mwendo wa mchana mzima. Tukituma watu wawili wakimbie, watarudi na maji kesho. Chirima akasema, "Kesho hawatamkuta." Akaanza kulia, naye hana hata machozi.

Na mimi nimekalia gunia langu.

Hapa ndipo Dama alipodhani nitaruka mstari. Siruki. Kibuyu kilikuwa zaidi ya nusu, na mimi sikusimama. Nilifikiri: nikikitoa watanipiga. Nilifikiri: kazi imekwisha. Nilifikiri zile sifa. Nikajiambia pengine ataamka mwenyewe, mzee huyu ni mgumu. Nilikaa kiasi cha kuweza kufunga mizigo miwili, na mimi nilikuwa mwepesi wa kufunga lakini si mwepesi hivyo. Mtu aliyenibebea akala kutoka Changamwe alikuwa anakufa hatua tatu kutoka nilipokaa, nami nilikuwa nafikiria sifa.

Sijui nini kiliniinua. Ningependa kusema ni dhamiri, au maombi. Nadhani ni mguu wake. Ulijirusha mara moja, nami nikaiona ile akala yake imeisha upande, na zangu bado mpya.

Nikalivuta gunia, nikashika fundo. Likakataa. Mikono ilikuwa inatetemeka, wanangu, inatetemeka kama ya mlevi, na lile fundo langu la kamba mara nne likawa jiwe. Nikavuta huku, nikavuta kule. Nikaliuma. Watu wakageuka wakamwona Karani anatafuna gunia lake, anatoa sauti ya mbwa, na mmoja akasema kwa huzuni, "Jua limemwingia huyu naye." Kamba ikakatika pamoja na kipande cha jino, pengo lenyewe hili hapa. Nikakunjua blanketi. Kibuyu kikatoka.

Harufu ya ubani ilitawanyika pale nyikani.

Nikamwinua Mwero kichwa, nikamlowesha midomo, nikamtilia kidogo kidogo mpaka koo likasogea. Akanywa mafunda mawili, matatu. Kisha macho yakarudi, yakanitazama, mkono wake ukakisukuma kibuyu.

"Gawa," akasema.

Nikachukua kata. Nikagawa, funda moja moja, kwa watu wale wote, na kila mmoja alinywa akinitazama usoni. Nilikuwa tayari kwa kofi. Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga. Chirima alinirudishia kata bila kusema Mungu akulipe. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikakipindua kibuyu, na mara ile nilikosa maji kweli.

Tulimbeba Mwero kwa turubai na mti, kwa zamu, na mimi nilibeba mzigo wangu na wake. Usiku ulikuwa umeshaingia sana tulipofika chini ya Kasigau, akina mama wa pale wakatutolea maji mitungini mpaka tukashindwa kunywa. Mimi nilikaa mbali. Mama mmoja akanifuata akaniuliza, "Na wewe mbona hunywi?"

Baada ya hapo tukatembea mpaka Voi kupanda gari la moshi. Kituoni bwana mpimaji aliniambia nisirudi tena ghalani. Mwero alikuwa amekaa juu ya mzigo, bado dhaifu, akamwita. "Mwache, bwana," akasema. "Aliandikwa amefika Voi kwa miguu. Haya, amefika."

Nikarudi kazini. Lakini habari ilinitangulia Changamwe. Jumatatu nikakuta mtu amechora kibuyu kwa chaki kwenye mlango wa ghala, na wapagazi wakanipokea kwa maneno haya: "Kikulacho ki nguoni mwako, na kinywewacho ki blanketini mwa Karani!" Nilifunga mizigo miaka kumi na miwili mingine. Sikufunga tena maji kwenye debe. Chirima alichukua mwaka mzima kunisalimu, na aliponisalimu aliniita Kibuyu, na kwa namna alivyolisema nilijua nimesamehewa, basi nikalipokea jina.

Mwero nilimwona mara ya mwisho nyumbani kwa binti yake, mtaa wa Ziwa la Ng'ombe. Alikuwa amezeeka, jicho moja limekwisha. Nilimpelekea sukari, akainusa kwanza kabla ya kunishukuru. Tukazungumza mengi ya ghala, tukacheka. Nilikuwa na swali nililolibeba miaka yote.

"Nyapara," nikamwambia, "siku ile nilipotoa kibuyu, wote walishangaa. Wewe hukushangaa."

"Nishangae nini? Nilikijua tangu siku ya kwanza."

"Kwa uzito wa gunia?"

"Kwa pumzi yako, bwana! Sote tulinuka mafuta ya taa. Wewe peke yako kila asubuhi ulitoka kichakani unanukia ubani kama bwana arusi."

Nikaona haya upya, mzee mzima. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema wangekurukia, mngegombania, maji yangemwagika yote. Na tena nilijiambia, huyu ana akili, atayatoa mwenyewe. Kesho atayatoa." Akahesabu kwa vidole. "Siku ya tatu nikasema kesho. Siku ya nne nikasema kesho. Ulichelewa, Karani. Ulichelewa sana."

Hakusema kwa hasira. Kisha akaomba maji. Mtungi ulikuwa pembeni, kata juu yake. Nikachota, nikamshikia akanywa mpaka akatosheka, ndipo nami nikanywa.

Haya, orodha yenu hii hapa, nimeirekebisha. Hema nimelipandisha juu. Chumvi nimeigawa mara tatu. Mabuti mapya nimeyafuta. Gitaa nimeliacha, kwa sharti kwamba mpigaji alibebe mwenyewe na alizungushe kanisa mara tatu kwanza. Mstari wa sita wa ukurasa wa pili nimeukata kwa wino, nikaandika: maji ni ya wote, na kata moja. Dama amesoma barua hii, akaniuliza mbona sikuwaambia kwamba alikuwa anatania aliposema kifiche. Nimemwonyesha mstari. Amesema sawa, ipeleke.

Mnaondoka Jumamosi. Nitakuja alfajiri nizinyanyue shanta zenu moja moja, na nitawanusa. Mwenye kibuyu chake ndani, akitoe Ijumaa.